Barua ya Mwananchi Haina Budi Kujibiwa

Mageuzi yanapotajwa, mawazo ya wengi wetu huenda Bungeni, Ikulu na kwenye sanduku la kura. Si makosa. Watu walifungwa, walipigwa na wengine walikufa ndipo kile kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria mwaka 1982, kikafutwa mwezi wa Desemba 1991. Lakini iko meza moja ambayo mageuzi yameifikia kwa shida sana, nayo ni meza ya karani apokeaye barua katika ofisi ya serikali. Hapo ndipo mwananchi wa kawaida hukutana na dola, na hapo ndipo mara nyingi hushindwa pasipo hata kuambiwa kwamba ameshindwa.

Mtu wa Kamukuywa aijua meza hiyo. Sisi tunaoishi kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale hufunga safari ya Kimilili kutafuta kitambulisho cha kijana, au ya Bungoma kwa shauri la shamba, au huandika barua kwenda Nairobi kuuliza malipo ya uzeeni ya mwalimu aliyestaafu. Kila safari ni nauli, na ni siku nzima ya jembe iliyopotea. Jibu ni lile lile: "Njoo kesho," au "Faili halionekani." Hakuna aliyemkatalia, wala hakuna aliyemkubalia. Angekataliwa kwa maandishi angejua pa kukata rufani. Aliyenyamaziwa hana hata karatasi ya kumwonyesha wakili wake au mchungaji wake. Na kijana asiye na kitambulisho hawezi kujiandikisha kupiga kura, hata vyama viwe vingi namna gani.

Wako wanaodhani kwamba kazi ya barua ni kazi ndogo, ya watu wadogo. Sivyo. Katika masijala yenye utaratibu, barua ikifika hugongwa muhuri wa tarehe, huandikwa katika rejista ya barua zinazoingia, hutiwa katika faili la shauri lake na kupewa nambari yake ndani ya faili hilo. Faili hupelekwa kwa afisa anayehusika, na rejista huonyesha liko mezani kwa nani. Afisa huandika maoni yake; karani hutayarisha jibu, hulitia nambari ya kumbukumbu, hulipeleka litiwe sahihi, kisha huweka nakala. Kama jibu haliwezi kutoka mara moja, huwekwa tarehe ya kulirudisha faili mezani ili lisisahauliwe. Kila hatua huacha alama.

Kwa hiyo, tuambiwapo kwamba faili limepotea, tunayo haki ya kuuliza: Ni nani aliyelichukua mara ya mwisho, na siku gani? Rejista ndiyo shahidi. Rushwa huanza pale alama hizi zinaporukwa kwa makusudi. Barua haikuandikwa, basi haikufika. Haikufika, basi hakuna wa kulaumiwa. Na mwenye shida hunong'onezewa kwamba akitoa chochote itatafutwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo hupotea vivyo hivyo.

Desturi hii haikuanza jana. Serikali ya kikoloni ilitawala kwa maandishi ambayo mtawaliwa hakuruhusiwa kuyajibu. Chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyotiwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, na habari za kazi yake kwa mzungu zikamfuata kila aendako. Bendera ilibadilika mwaka 1963, lakini tabia ya ofisi ikabaki. Katika enzi ya chama kimoja na hata baada yake, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya Mkuu wa Wilaya. FORD iliponyimwa ruhusa ya mkutano wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 16 Novemba 1991, mmoja wa waanzilishi wake sita alikuwa marehemu Masinde Muliro, mzaliwa wa huku kwetu Kimilili. Haki ya Wakenya kukutana ilikuwa imefungiwa ndani ya karatasi moja, na mwenye kalamu alikuwa mmoja.

Mwaka 1997, kutokana na makubaliano ya vyama vya Bunge, sheria hiyo ilirekebishwa. Tangu hapo mwenye kuitisha mkutano haombi leseni; huwaarifu polisi kwa maandishi, siku zisizopungua tatu wala kuzidi kumi na nne kabla ya mkutano. Tofauti ya kuomba na kuarifu ni tofauti ya mtumwa na mwenye nchi. Lakini kila mwanamageuzi aliyewahi kupeleka arifa kama hiyo ajua kwamba haina nguvu asipobaki na nakala iliyogongwa muhuri. Bila muhuri, hukuarifu mtu.

Kama yuko mwenye shaka juu ya uzito wa karatasi za ofisi, na atazame yaliyowapata wazee wa Mau Mau. Walipoishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini, ilidhihirika mwaka 2011 kwamba serikali hiyo ilikuwa imeficha huko Hanslope Park majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37, yakiwamo ya Kenya yaliyosafirishwa kabla ya Uhuru. Mengine yalikuwa yamechomwa moto ili yasisomwe kamwe. Katika barua za enzi hiyo imo moja ya mwaka 1957, ambamo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimshauri Gavana Baring kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9 katika shauri la wazee 5,228, gharama za kesi zikiwamo. Ushahidi wa wazee wenyewe ulikuwa na nguvu, lakini karatasi zilizotunzwa na makarani wa mkoloni ziliufanya usikanushike.

Sisi wa makanisani tumeyasoma haya tangu zamani. Katika Kitabu cha Ezra, Wayahudi waliokuwa wakilijenga upya hekalu waliulizwa na liwali Tatenai ni nani aliyewapa ruhusa. Wakajibu kwamba mfalme Koreshi ndiye aliyeamuru. Mfalme Dario hakuwaita waongo, wala hakuwaambia warudi kesho. Aliagiza kumbukumbu zitafutwe, na gombo likapatikana huko Akmetha, katika nchi ya Wamedi. Na ujenzi ukaendelea. Kwa miaka mingi, wafalme wakipita, kuna mtu aliyeitunza karatasi hiyo. Jina lake halikutajwa. Hekalu lilisimama kwa uaminifu wake pia.

Leo sheria iko upande wetu, ila wengi hawaijui. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na kifungu cha 47 kinampa aliyedhuriwa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu utendaji wa haki katika utawala inasema kwamba ofisi ikikataa kutoa sababu, uamuzi wake utahesabiwa kuwa haukuwa na sababu njema, mpaka ithibitishwe vingine. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inataka ombi la habari lijibiwe ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 likiwa linahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuliwasilisha hakuna ada. Asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa na afisa mwenyewe na kupewa nakala. Kimya kikipita siku hizo huhesabiwa kuwa ni kukataa, na mwombaji aweza kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, yaani ofisi ya Ombudsman.

Hata hivyo, tusimtwike karani mzigo wote. Tunajua kwamba wengi wao huketi nasi kanisani kila Jumapili. Tunajua kwamba barua ni nyingi na mikono ni michache. Tunajua pia kwamba mara nyingi amri ya kuifungia barua hutoka juu, kwa simu, bila sahihi, na lawama humwangukia aliye chini. Kwenu ndugu zetu tunasema: iandikeni kila barua, hata ya mtu msiyempenda, hata ya chama msichokipigia kura. Mkubwa akiwaambia msiijibu, mwombeni aandike hivyo ndani ya faili. Kifungu cha 236 cha Katiba kinakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa sababu ya kutenda kazi yake kisheria. Kalamu yenu si ya chama tawala wala ya upinzani.

Kwa ofisi zote zinazotuhudumia, kuanzia kwa chifu hadi makao ya kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, tunadai mambo manne. Kwanza, kila barua iletwayo kwa mkono igongwe muhuri, na mwenye kuileta arudi na nakala. Pili, kila aliyeandika apewe nambari ya faili la shauri lake. Tatu, kila anayekataliwa akataliwe kwa maandishi, kwa sababu zilizotajwa. Nne, jibu litolewe kwa lugha aliyoandikia mwombaji. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii kwa mujibu wa Katiba.

Kwetu sisi wenyewe, kazi imeanza. Usiende tena ofisini na maneno matupu. Andika barua, weka nakala, taja tarehe. Ukinyamaziwa, andika ya pili ukiomba habari: barua yangu ya tarehe fulani iko kwa nani, na uamuzi gani umefanywa? Kisha hesabu siku 21. Kila kanisa lina vijana waliomaliza shule. Na watengewe saa moja baada ya ibada kuwaandikia wazee na wajane barua zao, bure, na kutunza daftari la zilizopelekwa na zilizojibiwa. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litatuambia ni ofisi ipi inayowatumikia watu na ni ipi inayowatawala kwa kimya.

Mjane wa Injili alimrudia kadhi dhalimu mpaka akapata haki yake. Nasi turudi, safari hii tukiwa na nakala mkononi.