Vituo Saba kwa Siku Moja Paris? Hiyo Si Safari ya Mapenzi, Ni Shifti

Wacha niseme tu wazi: zile video za "siku moja Paris na mpenzi wangu" zinatucheza. Vituo saba ndani ya sekunde hamsini na nane, wimbo mtamu, wote wawili wanacheka mbele ya mnara. Sisi huku tumelala chali saa sita usiku, bando inaisha, tunajilinganisha. Jamaa anaanza kuona hapendwi kwa sababu mwisho wa mwezi walienda kula chipsi mtaani. Kwani?

Tuanze na doo. Niliacha chuo mwaka wa pili lakini hesabu bado naziweza. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa, hairudi. Wawili ni euro 180, kama shilingi elfu 27, na ndege bado hujaigusa. Ukifika jumba la makumbusho la Louvre, kuanzia Januari 2026 mgeni kutoka nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya, yaani mimi na wewe, analipa euro 32. Mjerumani analipa 22 kuona picha ile ile. Mkiwa wawili hiyo ni karibu shilingi elfu 10, mlango tu.

Sasa cheki ratiba yenyewe. Asubuhi Arc de Triomphe, mshuke Champs-Élysées, muingie Louvre, mkimbie Notre-Dame, mpande kilima cha Montmartre hadi Sacré-Cœur, mpande mashua kwenye Mto Seine, halafu usiku Mnara wa Eiffel. Kila kituo kina foleni yake. Mkiamua kupanda Eiffel kwa miguu, ni ngazi 674 hadi ghorofa ya pili. Hapo miguu imeshatembea tangu asubuhi. Manze, hata kibarua wa mjengo hupewa saa ya lunch.

Louvre ndiyo inanikasirisha zaidi. Mwaka 2024 iliingiza watu karibu milioni 8.7. Juni 2025 wafanyakazi wenyewe waligoma kwa muda, wageni wakaachwa nje na tiketi zao, kwa sababu msongamano umezidi. Wengi wanaenda moja kwa moja kwa Mona Lisa, picha ya sentimita 77 kwa 53, iko nyuma ya kioo. Unasukumwa, unainua simu, unapiga, unaambiwa songa.

Na kuna kitu hizo video hazikuonyeshi. Ukutani mkabala na Mona Lisa kuna mchoro mkubwa kuliko yote ya Louvre, Arusi ya Kana ya Paolo Veronese, wa mwaka 1563. Upana wake ni karibu mita 10. Wanajeshi wa Napoleon waliubeba kutoka Venice mwaka 1797. Ni harusi nzima: meza, wanamuziki, watu kibao, Yesu katikati. Wapenzi wetu wamelipa elfu 10, wamesimama chumba kimoja na harusi kubwa kiasi hicho, na wameipa mgongo ili wapate selfi.

Binamu yangu na mumewe walifanya hiyo siku. Walinipa memori kadi niwahifadhie video, na yeye mwenyewe ameniruhusu niandike hii bila majina. Waliyoposti ni sekunde 58. Niliyoona ni zaidi ya saa tatu. "Simama hapo, bebi." "Miguu inaniuma." "Sekunde mbili tu." Hiyo sentensi ya sekunde mbili nimeihesabu mara kumi na nne. Kwenye mashua hawaongei kabisa, kila mtu anaangalia simu yake, na Notre-Dame inapita nyuma yao. Kanisa liliungua Aprili 2019, likajengwa upya miaka mitano, likafunguliwa Desemba 2024. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Usiku Eiffel inamemeta zile dakika tano zake za kila saa, na binamu yangu ameketi ukingoni mwa barabara amevua viatu, kisigino kina malengelenge. Mume anamwambia, "Amka, taa zitazima." Anaamka. Anatabasamu. Hicho ndicho kipande mlichokipenda watu elfu nne.

Nilimuuliza alipenda nini zaidi Paris. Akafikiria, akasema, "Kitanda cha hoteli."

Najua utasema nina wivu, sijafika Paris. Ni kweli sijafika. Lakini sihitaji kupanda matatu mbovu ndio nijue inatoa moshi. Wengine mtasema: nikilipa nauli hiyo yote lazima nione kila kitu, sitarudi tena. Hapo ndipo mnapotegwa. Kama utaenda mara moja tu maishani, mbona uende ukiwa mbio? Mtu anayelipa kiingilio kikubwa zaidi ndiye anayetoka ameangalia kidogo zaidi. Na ukirudi na deni la mkopo wa simu na mpenzi mliyenuniana naye, zile likes hazilipi.

Mimi sisemi msiende. Nendeni! Lakini chagueni kitu kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi. Kama ni Louvre, iwe Louvre, na mpe Veronese nusu saa. Siku ya Jumatano au Ijumaa inafungwa usiku, na Jumanne haifunguliwi kabisa, kwa hivyo usijipange vibaya. Kuingia Notre-Dame ni bure. Maonyesho ya kudumu ya jumba la Petit Palais ni bure. Bustani ya Luxembourg ina viti vya chuma vya kijani, vuta viwili, keti na mtu wako mle mkate, muongee. Hayo ndiyo mapenzi ambayo mlitoka nayo nyumbani.

Na nyinyi wenzangu wa kontenti, tuwe wakweli. Mkiposti vituo saba, posti pia foleni ilichukua saa ngapi, mlitumia pesa ngapi, na mlikosana wapi. Mbogi inayowafuata ina miaka kumi na saba, kumi na tisa, ishirini. Wanaamini hiyo ndiyo kupendwa, na kuna wengine tayari wanauliza watakopa wapi.

Kama una ratiba ya vituo saba kwa simu yako saa hii, nitumie. Nitakufutia vitano bila malipo.