Kabla ya kuuliza utavaa nini atachimenti, uliza nani atalipa nauli

Jumapili moja jioni mdogo wangu alinitumia picha ya barua kwa WhatsApp. Amepata atachimenti, ofisi moja kule Upper Hill, miezi mitatu. Chini ya picha akaandika: "Bro, siku ya kwanza nivae nini?"

Nikamjibu: "Hongera sana. Wanalipa ngapi?"

Alikaa kama dakika kumi bila kusema kitu. Kisha akauliza: "Kwani atachimenti hulipwa?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike leo. Ukitafuta mtandaoni jinsi ya kujiandaa kwa atachimenti, intanshipu au kazi ya kwanza, ushauri ni mwingi. CV iwe fupi. Piga shati pasi. Fika dakika kumi na tano mapema. Usishike simu mbele ya bosi. Sina ubaya na hayo, hata mimi nimemwambia mdogo wangu avae viatu vilivyofungwa. Lakini ushauri huo wote unaanza ukiwa tayari umefika kwa mlango wa ofisi. Hakuna anayekuambia utaufikia vipi huo mlango kila asubuhi kwa siku 66.

Mimi najua kwa sababu mlango wangu nilishindwa kuufikia.

Nilisomea diploma ya mawasiliano katika chuo kimoja hapa Nairobi. Madarasa nilimaliza na mitihani nikapita. Kilichobaki ni atachimenti ya miezi mitatu, na bila hiyo hakuna cheti. Nikapata nafasi Westlands. Wakati huo niliishi na mama Kayole, na mama anauza mboga. Asubuhi mat hadi tao ilikuwa 80, tao hadi Westlands 50. Jioni, hasa mvua ikinyesha, ilikuwa 100 na 50. Hiyo ni 280 kwa siku. Lanchi ya chapo mbili na madondo kwa kibanda ilikuwa 100. Jumla 380. Piga mara siku 22 za kazi unapata 8,360 kwa mwezi, na miezi mitatu ni 25,080.

Hesabu hiyo nimeifanya leo. Wakati ule sikuifanya, nilidhani mambo yatajipa. Mama alikopa kwa chama chake ili niende. Kufikia wiki ya sita pesa ya chama iliisha, nikaanza kushuka tao na kutembea hadi Westlands. Nikawa nachelewa. Msimamizi wangu akaandika kwenye kitabu cha atachimenti kwamba sina nidhamu ya wakati. Sikumweleza sababu, niliona aibu. Wiki ya saba nikaacha, nikachukua kazi ya saiba huku mtaani, mia tano kwa siku. Nilijiambia nitarudi kumalizia. Sijarudi.

Kwa hivyo mtu akiuliza, mimi ni yule kijana aliyeacha chuo. Watu wakisikia hivyo wanafikiria labda nilianguka mitihani au nilipotelea kwa raha. Kilichonishinda ni nauli. Na pale ofisini sikuwa nimekaa bure. Nilikuwa naandika posti za mitandao za wateja wao wawili kila siku. Wateja hao walikuwa wakilipa ofisi.

Sasa tuangalie nchi. Katika miaka ya hivi karibuni, vita vikubwa vya vijana na serikali kuhusu kazi vimekuwa juu ya neno hili moja, intanshipu.

Anza na walimu. Mwaka 2023, shule za sekondari ya msingi zilipoanza, TSC ilichukua zaidi ya walimu 20,000 kama wanagenzi, kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hawa hawakuwa wanafunzi. Ni walimu waliohitimu na kusajiliwa, na darasani walifunza masomo yale yale kama mwalimu wa kudumu wa chumba cha pili. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamua kwamba TSC haina mamlaka ya kisheria ya kuajiri mwalimu kama mwanagenzi. TSC ikakata rufaa. Walimu nao wakaingia barabarani. Januari 2025, wanagenzi 46,000 wakapewa kazi ya kudumu. Lakini mwezi huo huo wengine 20,000 wakaingizwa kwa mkataba ule ule wa uanagenzi. Yaani waliotoka kwenye foleni waliacha nafasi, na serikali ikaijaza.

Halafu madaktari. Mkataba wa 2017 kati ya serikali na chama chao, KMPDU, ulimweka daktari mwanagenzi kwenye mshahara wa takriban Sh206,000. Mwaka 2024 serikali ikasema ina uwezo wa Sh70,000 pekee. Hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoleta mgomo wa siku 56, kutoka Machi hadi Mei. Desemba 2024 pande zote zikatia saini kwamba wanagenzi walipwe kulingana na mkataba wa 2017.

Kuna mtu atasema, daktari wa laki mbili anahusiana nini na mimi ninayetafuta nauli ya Westlands? Mishahara haifanani, lakini mbinu ni ile ile. Kazi ipo na lazima ifanywe, na mtu aliyehitimu kuifanya yuko. Ukimwita mfanyakazi, utamlipa mshahara kamili. Ukimwita mwanagenzi, unamlipa kidogo na kumwambia ashukuru kwa kupata uzoefu.

Walimu na madaktari walipata walichopata kwa sababu mbili. Walikuwa wengi pamoja, na walikuwa na karatasi. Madaktari walikuwa na mkataba uliotiwa saini. Walimu walikuwa na sheria ya kuonyesha jaji. Sisi wa atachimenti za ofisi binafsi hatuna chochote kati ya hivyo viwili. Uko peke yako pale ofisini, labda na mwenzako mmoja, na karatasi pekee uliyonayo ni barua inayosema "umekubaliwa".

Sheria haijanyamaza kabisa. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa vyema kazini, na kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi. Kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida Nairobi kilipandishwa Novemba 2024 hadi zaidi kidogo ya Sh16,100, kabla ya marupurupu ya nyumba. Shida ni kwamba mwanafunzi wa atachimenti anaingia ofisini kama mgeni wa chuo, si kama mfanyakazi, na mara nyingi haya yote yanampita juu ya kichwa.

Waajiri nao wana neno lao, na si la kupuuzwa. Nimeongea na jamaa mmoja anayeendesha kampuni ndogo ya watu saba. Aliniambia mwanafunzi mpya anamla muda kwa mwezi mzima kabla hajaanza kumsaidia. Akasema serikali ikimlazimisha kulipa mshahara, atafunga mlango na hatachukua mtu tena. Namwamini. Ofisi nyingi za aina yake zitafanya hivyo.

Lakini hakuna aliyesema mshahara. Mwanafunzi anayekuja kujifunza kwa kweli, anayekaa kando ya mtu na kuonyeshwa kazi, anahitaji nauli na chakula cha mchana. Kwa hesabu yangu ya Kayole hiyo ni chini ya elfu tisa kwa mwezi. Aliyemaliza chuo na anafanya kazi inayoingizia ofisi pesa, huyo ni mfanyakazi na alipwe kama mfanyakazi. Hawa ni watu wawili tofauti, na tukiwachanganya ndipo tunapigwa. Waajiri tayari hulipa ada ya mafunzo ya Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, pesa inayosimamiwa na NITA. Aliyelipa anaweza kuomba kurudishiwa gharama za kufunza wafanyakazi wake. Mfumo wa kukusanya pesa ya mafunzo upo. Mbunge anayetaka kura za vijana 2027 anaweza kuanzia hapo, atuambie kwa nini nauli ya mwanafunzi wa atachimenti isitoke kwa mfuko kama huo.

Kwa sababu tukiacha hivi ilivyo, atachimenti inachuja watu bila kusema. Anayeishi na wazazi Kilimani anaenda Westlands kwa miguu au kwa gari la baba, anamaliza miezi mitatu, anapata cheti na barua ya kumsifu. Anayetoka Kayole, Mwiki au Rongai anahesabu shilingi kila asubuhi. Mwaka mmoja baadaye tangazo la kazi linasema "uzoefu wa miaka miwili", na wawili hawa wanaambiwa washindane kwa usawa. Na mashindano yenyewe ni makali. Ripoti ya KNBS ya 2025 inaonyesha nafasi mpya 782,300 za kazi mwaka 2024, na tisa kati ya kila kumi zilikuwa za jua kali. Zile ofisi zenye viyoyozi unazopigia pasi shati ziko ndani ya ile sehemu moja iliyobaki.

Pale saiba naona hii kitu kila wiki. Mtu anakuja na flashi, anataka CV. Kabla hajatuma ombi anaambiwa alete cheti cha maadili mema, hiyo inalipiwa kwa eCitizen. Kuna bima ya atachimenti. Kuna kuchapisha, kuskani, picha za pasipoti. Kuna siku dada mmoja alihesabu sarafu mezani kwangu, akaniuliza kama naweza kumchapishia ukurasa wa kwanza pekee.

Kwa hivyo, wasee, mabadiliko ya sheria yatachukua muda na barua yako inasema uripoti Jumatatu. Haya ndiyo maandalizi niliyompa mdogo wangu.

Kwanza, fanya hesabu kabla ya kukubali. Nauli ya asubuhi, nauli ya jioni siku ya mvua, lanchi, bando za simu, mara siku zote hadi mwisho. Andika jumla kwa karatasi na uionyeshe watu wa nyumbani. Mama yangu angejua ni elfu 25 tangu mwanzo, tungetafuta nafasi karibu na nyumbani, hata kama haina jina kubwa.

Pili, uliza. Uliza kwa heshima, kwa simu au barua pepe, kabla ya siku ya kwanza: kuna nauli au chakula? Kazi yangu itakuwa nini hasa? Nani atanisimamia? Mwisho ni tarehe gani? Ofisi inayokasirishwa na maswali haya imeshakujibu.

Tatu, wakikataa kulipa, uliza kama unaweza kupunguziwa siku. Chuo kingine hukubali siku tatu kwa wiki ukiongeza muda, kingine hakikubali. Ongea na mwalimu anayesimamia atachimenti mapema, si wiki ya saba kama mimi.

Nne, weka karatasi. Kila siku andika ulichofanya, tarehe na matokeo. Ukiandika posti, ukitengeneza mashine, ukihudumia wateja thelathini, andika. Kitabu cha atachimenti ni cha chuo, lakini nakala weka yako. Hiyo ndiyo itakuwa CV yako, na siku ukibaki pale baada ya miezi mitatu ndiyo utakayoweka mezani ukiomba mshahara.

Tano, ukianza kushindwa, sema. Mimi nilinyamaza kwa aibu hadi nikaandikwa mtovu wa nidhamu. Labda msimamizi hangefanya lolote. Lakini hakupewa nafasi ya kujua.

Mdogo wangu aliuliza. Alitetemeka, akaniambia, lakini alipiga simu. Mama wa HR akamjibu vizuri kwamba hawana bajeti ya nauli, ila chakula cha mchana kipo kwa wote. Hapo mia moja kwa siku imepungua. Iliyobaki tumegawana, mama nusu na mimi nusu, na kila Jumapili jioni natuma yangu kwa M-Pesa. Ameshamaliza wiki mbili. Kazini anafanya hesabu za stoo na anasema anapenda.

Imebaki wiki kumi. Nimeziandika zote kwa kalenda iliyo ukutani pale saiba, na kiasi cha kutuma kando ya kila moja. Na chuo changu nimekipigia simu. Waliniambia niende na barua zangu za zamani, wataangalia kama miezi yangu mitatu bado naweza kuirudia.