Gumzo la Dagahaley Linastahili Majibu

Toleo hili limejaa maneno ambayo wengi wangeyaita porojo. Ni mazungumzo ya simu, ujumbe wa sauti unaotumwa usiku bando linapokuwa rahisi, na mabishano ya mezani katika hoteli za chai sokoni Dagahaley. Watu wanazungumzia betri zinazovimba kwa joto, rais wa Marekani, bei ya sukari, theluji, na kama mashine iliyowahi kuchukua alama za vidole vyako inaweza kukusahau. Tumeyapa nafasi kubwa kuliko tuliyowahi kuipa hotuba ya kiongozi yeyote, na nadhani ilikuwa haki tufanye hivyo mapema zaidi.

Kambi ya wakimbizi ya Dagahaley ilianzishwa mwaka 1992, serikali ya Siad Barre nchini Somalia ikiwa imeanguka na Wasomali wakimiminika Garissa. Kambi tatu za mwanzo za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu 90,000 kwa jumla. Kabla ya simu za mkononi kuenea, gumzo lilipita kwenye taar, redio za masafa ya mbali. Mtu alikwenda kibandani kwa mwenye redio, akamwita jamaa yake aliyeko Mogadishu au Kismayu, nao wakasemezana huku kila aliyekuwepo akisikiliza. Habari za fedha zilizotumwa kwa hawala, za mtoto aliyezaliwa na za nani ameushika mji gani zilipita hapohapo, hadharani. Mtafiti Cindy Horst, aliyeishi na kuuliza maswali kambini, aliieleza taar kwa kirefu katika kitabu chake Transnational Nomads cha mwaka 2006. Ukikisoma unaona kwamba watu hawa, waliozuiwa kutoka kambini bila kibali, walikuwa wakizijua habari za ulimwengu kwa undani kuliko wengi wetu tunaosafiri tupendavyo.

Siku hizi taar imeipisha simu, lakini mambo yanayozungumzwa hayatengani kirahisi. Hapa Nairobi gazeti lina ukurasa wa teknolojia, ukurasa wa siasa na kona ya vituko. Jaribu kuzipanga habari za Dagahaley hivyo uone. Mwaka 2013 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, pamoja na UNHCR walianza kuhakiki alama za vidole kwenye vituo vya kugawia chakula. Kadi ya rasheni ikawa haitoshi peke yake. Kidole lazima kikubaliane nayo. Mwaka 2016 sehemu ya chakula ikaanza kuja kama salio la Bamba Chakula kwenye laini ya simu. Mama anayeuliza kwa nini mashine inakikataa kidole kilichochubuliwa na kuni anauliza swali la teknolojia. Anauliza pia ni nani mwenye mamlaka ya kumwamini yeye badala ya mashine, na hiyo ni siasa. Na jinsi alama zile zinavyogeuzwa kuwa hesabu na kulinganishwa na nyingine ni jambo la ajabu kwelikweli, ambalo angependa kuelezwa hata kama halitamwongezea kilo moja ya unga.

Swali hilo la alama za vidole linawahusu wenyeji vilevile. Katika miaka ya ukame, familia za Wakenya wa Garissa na jirani zake ziliingia kambini na kujiandikisha kama wakimbizi, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na chakula na matibabu. Watoto wao walichukuliwa alama za vidole. Walipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kipande, yaani kitambulisho cha taifa, mfumo uliwatambua kuwa wakimbizi, na ombi likakwama. Bila kipande huajiriwi, husajili laini kwa jina lako, husafiri kwa amani. Shirika la Haki na Sheria lenye makao yake Garissa limewatetea watu hao kwa miaka mingi. Vijana hawa wanapoulizana kwa ujumbe wa sauti ni ofisi gani inayofuta alama, na ni nani aliyefanikiwa, wanafanya kazi ambayo serikali ilipaswa kuwa imeifanya kwa tangazo moja lililo wazi.

Najua hoja ya upande wa pili, nami siipuuzi. Gumzo hubeba uvumi, na uvumi huumiza: madalali huuza fomu za kuhamia ng'ambo zisizo na maana yoyote, na aliyekwisha kuuza mbuzi wake harudishiwi. Lakini tazama uvumi unaota wapi. Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba itafunga Dadaab, na ikaivunja idara iliyokuwa ikishughulikia wakimbizi. Watu wakaanza kujiandikisha kurudi Somalia. Septemba mwaka huohuo Human Rights Watch ilieleza kwamba wengi hawakuwa wamepewa habari sahihi kuhusu usalama wa kule walikokuwa wakirudishwa. Aliyetaka kuujua ukweli wa Baidoa ilimbidi ampigie binamu yake aliyeko Baidoa. Jaji John Mativo alipobatilisha amri ya kufunga kambi, tarehe 9 Februari 2017, waliokwisha kuondoka walikuwa wamekwisha kuondoka. Katika miezi ile gumzo ndilo lililokuwa na habari, na ofisi ndizo zilizokuwa kimya.

Siku kumi na tatu kabla ya hukumu hiyo, tarehe 27 Januari, Donald Trump alikuwa ametia saini agizo la kuwazuia raia wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia ikiwemo. Wakimbizi wapatao 140 waliokuwa Nairobi wakingoja ndege walirudishwa Dadaab, ambako baadhi walikuwa wamekwisha kugawa vyombo vyao. Ndiyo maana mzee asiyejua kusoma anaweza kukueleza kazi ya mahakama za Marekani kwa ufasaha, na ndiyo maana Ilhan Omar, aliyepitia kambi ya Utange pale Mombasa, alipochaguliwa kuingia Bunge la Marekani mwaka 2018 habari hiyo ilipokewa kama ya mtoto wa jirani. Januari 2025 mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa tena. Tafadhali mtu asiyaite mazungumzo hayo upuuzi.

Hata hivyo sitaki kulitetea gumzo kwa manufaa yake tu. Mashirika yamezoea kuhesabu mahitaji ya habari ya mkimbizi kama yanavyohesabu mahitaji yake ya maji, na chochote kinachozidi hapo huonekana anasa. Kijana wa Dagahaley anapotaka kujua kwa nini mwezi huonekana mchana, au jamaa yake wa Minneapolis huendeshaje gari juu ya barafu, hana haja ya kutuonyesha faida yake. Udadisi wake ni wake. Kurasa ndefu kabisa za toleo hili ni za maswali ya namna hiyo, na mwenzangu mmoja aliyetaka yapunguzwe nilimkatalia.

Tumeyaacha katika Kiswahili chao, kilichochanganyika na Kisomali. Wengi wao Kiswahili walikutana nacho darasani kwa ajili ya mtihani wa taifa, au kwenye kizuizi cha polisi wakiulizwa karatasi. Kukisikia wakikitumia kubishana na kuchekana ni furaha ambayo sikutaka mhariri aisafishe.

Maswali yanayohusu alama za vidole, vipande na vibali vya kusafiri tumeyakusanya mwishoni na kuyapeleka kwa maandishi kwenye ofisi zinazohusika. Toleo lijalo tutachapisha kila jibu litakalokuja, chini ya swali lake. Ofisi isiyojibu, swali lake litachapishwa tena likifuatiwa na nafasi tupu, na tutaendelea hivyo toleo baada ya toleo.