Umri wa John Parr

Makala yako kuhusu John Parr, askari wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, imepita haraka mno kwenye suala la umri. Jiwe la kaburi la Parr pale St Symphorien, karibu na Mons, Ubelgiji, linasema miaka 20. Alikuwa na 17 hivi. Kijana wa Finchley, London, aliyekuwa akibeba mifuko ya wacheza gofu, alidanganya umri ili aandikishwe katika rejimenti ya Middlesex. Mimi nahisi mshahara na mlo wa uhakika vilimvuta kuliko bendera. Tarehe 21 Agosti 1914 alikwenda kwa baiskeli kuchungulia Wajerumani wamefika wapi, akauawa. Mapigano yenyewe ya Mons yalikuwa bado siku mbili! Mama yake alibaki akiandika barua kuuliza mwanawe yuko wapi.

Kwa wanaosema hapa kwamba angalau alienziwa: kweli, kaburi analo. Lakini sisi wa Dar es Salaam tunapita kila siku mbele ya Sanamu ya Askari, kumbukumbu ya Waafrika wa vita hivyo iliyowekwa mwaka 1927, nayo haina jina la marehemu hata mmoja. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa kuhara na malaria katika vita hivyohivyo, wengi wao hawana hata alama. Wala haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri ubaguzi huo katika kuwaenzi wafu na kuomba radhi. Mwandishi, makala ijayo iwe ya hao, tafadhali.