Jiwe nyuma ya pine: freni ya mkono tuliyoisahau katika miji yetu ya milima

Simama dakika kumi tu pale njia inapoanza kupanda kuelekea Kadutu, hapa Bukavu. Bus ndogo inasimama kushusha watu. Mlango haujafunguka vizuri, konvwayeri amesharuka chini na jiwe mkononi, analiweka nyuma ya pine. Abiria wanashuka, wengine wanapanda. Kisha kijana analisukuma jiwe kwa mguu, gari linarudi nyuma kidogo, shofere anakanyaga, wanaenda. Mara nyingi jiwe linabaki palepale katikati ya njia, linamngojea motari wa usiku.

Sisi wote tumezoea kuona hivyo, Bukavu, Butembo na hata kule Ngomo, kwenye njia ya kwenda Uvira. Lakini maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba gari lile halina freni ya mkono inayofanya kazi. Na freni iliyobaki ni mkono wa mtoto wa mtu, unaoingia chini ya gari lenye watu ndani mara nyingi kila siku.

Sheria inasema nini

Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo barabarani, ambao inchi yetu ilijiunga nao mwaka 1977, unataka gari liwe na freni ya kusimamia. Freni hiyo lazima ilishike gari kwenye mlima, likipanda ama likishuka, hata kama shofere hayuko ndani. Tena lazima ishike kwa chuma kwa chuma, si kwa nguvu ya mafuta ya freni peke yake. Sababu iko wazi: bomba la mafuta likipasuka, freni ya mguu inakufa, lakini ile ya mkono inabaki. Mwaka uliofuata, 1978, tukapata Kanuni mpya ya barabarani, ambayo ndiyo tunayo mpaka leo.

Kwa hiyo sheria iko. Ni kitu gani basi kinakosa?

Gari linatoka zima, linafika linachoka

Magari mengi ya hapa kwetu yanatoka Japani yakiwa ya okazio, yanapita Mombasa ama Dar es Salaam. Kule Japani, gari la mtu linapimwa kila miaka miwili, na freni ya mkono inapimwa kwa mashini. Ikikosa kushika, gari halipewi ruhusa ya kutembea. Likishavuka bahari, kipimo kile kinaishia hapo. Huku kwetu, kwenye kizuizi cha barabarani, shofere anaulizwa makaratasi. Ni mara ngapi umeona askari akimwambia shofere: « vuta freni ya mkono, toa mguu, tuone kama gari linasimama »?

Kuna sababu nyingine tatu. Ya kwanza, gari lililoishi sehemu ya baridi ya Japani limepita miaka juu ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji, na chumvi inakula chuma cha chini. Ya pili, mengi ni otomatiki. Shofere anaweka P, anashuka, anaona yametosha. Kumbe ile P ni kipande kidogo cha chuma ndani ya gia, ndicho kinabeba uzito wote wa gari mlimani. Ya tatu ni matope na vumbi letu. Kable iko chini kabisa, ndiyo inapokea kila kitu.

Halafu kuna makuta. Tangu vita kufika Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, benki zilifunga milango na pesa ikawa shida kwa kila mtu. Shofere anapaswa kumpelekea mwenye gari « versement » ya kila siku, watu wawe wengi ama wachache. Katika hali hiyo, kitu kinachozuia gari kutembea ndicho kinatengenezwa kwanza. Freni ya mkono haizuii gari kutembea. Kwa hiyo inangoja. Mwenye gari anasema ni kazi ya shofere, shofere anasema gari si lake, na konvwayeri, ambaye hana sauti, anatafuta jiwe.

Kable inakufa namna gani

Unapovuta mkono wa freni, unavuta kamba ya nyuzi za chuma iliyo ndani ya ala. Kwa magari mengi inagawanyika mara mbili, moja kwa kila pine ya nyuma, na kule mwisho inasukuma viatu vya freni vishike tamburi. Ala ikipasuka, maji na matope vinaingia. Chuma kinapata kutu, kinavimba, kinakwama.

Kukwama kuna sura mbili. Kuna kable isiyovutika: unavuta, gari linateleza. Na kuna kable isiyorudi: umeachia, lakini freni bado inashika nyuma. Hii ya pili watu wengi hawaijui. Utasikia harufu ya kuungua, pine moja itakuwa ya moto kuliko ingine, gari litakuwa zito na litakunywa mafuta sana. Ndipo mafundi wengine wanakata kable ama wanaifungua na kuiacha ining'inie. Gari linakuwa jepesi, shofere anashukuru, na tangu siku hiyo jiwe linaingia kazini.

Pima mwenyewe

Si lazima kuwa fundi. Vuta mkono wa freni polepole, hesabu milio: ta, ta, ta. Kwa magari mengi inapaswa kushika kati ya milio 4 na 8 hivi. Kitabu cha gari ndicho kinatoa hesabu kamili. Ikipita mpaka juu kabisa, kuna kasoro. Kisha nenda kwenye mlima mdogo, mahali pasipo watu nyuma wala mbele. Kanyaga freni ya mguu, vuta ya mkono, weka gia huru, toa mguu polepole lakini uache karibu. Gari likitembea, peleka garaji.

Ukifika kwa fundi

Kwanza, pine za mbele zifungwe kwa vigingi, gari liinuliwe nyuma, na likalishwe juu ya vitegemeo imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Pili, usikubali fundi akaze tu nati ya kable na kukuambia imekwisha. Mara nyingi kable inaonekana ndefu kwa sababu viatu vya freni ndani ya tamburi vimeisha. Mpangilio ni huu: fungua tamburi, angalia viatu, virekebishe ama vibadilishe, halafu ndipo ukaze kable. Ukikaza kable juu ya viatu vilivyokwisha, umeficha ugonjwa. Na vumbi la ndani ya tamburi lisipulizwe kwa mdomo ama kwa hewa, kwa kuwa viatu vingine vya zamani vina amianti, ambayo inaharibu mapafu. Lioshwe kwa maji.

Tatu, kable iliyokatika nyuzi haifungwi fundo wala haiunganishwi kwa moto. Moto unaondoa ugumu wa chuma, na itakatika siku gari limejaa. Kable iliyokwama kwa kutu unaweza kuilainisha kwa mafuta mepesi ikarudi kwa muda, lakini ala ikishapasuka, dawa ni kubadilisha. Ukinunua ya okazio, ipinde kidogo na uivute kwa mkono: iende na kurudi bila kukwaruza, ala yake iwe nzima. Linganisha urefu na ile ya zamani kabla hujalipa.

Nne, baada ya kazi, achia freni na uzungushe pine za nyuma kwa mkono. Zizunguke bure. Vuta, zishike zote mbili sawa.

Malori makubwa ya freni za hewa hayatumii kable hii, yana mpango wake. Lakini Fuso Canter nyingi zina kable inayoshika tamburi nyuma ya gia, na hiyo pia inahitaji kupimwa.

Na kila siku?

Itumie. Kable isiyovutwa ndiyo inakwama haraka. Ukisimama mlimani, vuta freni ya mkono kwanza, achia mguu, gari litulie juu ya freni, halafu ndipo uweke P ama gia: ya kwanza ukiangalia juu, ya nyuma ukiangalia chini. Geuza pine zielekee ukingo ama ukuta, si bonde na si njia ya watu.

Hatusemi jiwe litupwe leo. Gari bovu bila jiwe ni hatari zaidi. Lakini jiwe ni la kusaidia freni, si la kuwa freni. Na baada ya kazi liondolewe njiani.

Mashirika ya mashofere, ambayo yanakusanya pesa kila asubuhi kwenye parkingi, yanaweza kuanza bila kungoja mtu: gari lisiloshika mlimani lisipakie siku hiyo. Kipimo hakiombi mashini, kinaomba mlima, na mlima tunao. Wewe abiria pia, ukiona kijana anashuka na jiwe, muulize shofere bila kugombana: « Papa, hiyo freni ya mkono ilikufa lini? » Swali hilo likiulizwa mara ishirini kwa siku, mwenye gari atalisikia.