Bwawa jipya la sato: maji kwanza, vifaranga baadaye
Bwawa jipya la samaki huanza na udongo na maji. Vifaranga huja mwisho. Sehemu nyingi za Bariadi na wilaya jirani za Simiyu zina udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa hushika maji vizuri lakini ukikauka hutoa nyufa, kwa hiyo bwawa lililochimbwa kiangazi hushindiliwa kwanza. Lisiwe kwenye mkondo unaotoka mashamba ya pamba, kwa kuwa dawa ya wadudu inayosombwa na mvua inaweza kuua bwawa zima. Baada ya kuweka chokaa na samadi, maji huachwa wiki moja au mbili mpaka yawe ya kijani, dalili kwamba chakula cha asili kimeota. Kipimo ni mkono: ukizamishwa hadi kiwiko na vidole vikaanza kutoweka hapo, rangi inatosha, vikipotea mapema, samadi imezidi. Vifaranga vya sato hupandikizwa wawili hadi watano kwa mita moja ya mraba, hivyo bwawa la mita 10 kwa 20 huchukua 400 hadi 1,000. Mfuko waliosafirishwa nao huachwa uelee bwawani dakika 15 hadi 20, kisha maji ya bwawa huingizwa humo kidogo kidogo, ndipo waachiwe. Ukaguzi ufanyike alfajiri, oksijeni inapokuwa chini kabisa: samaki wanaohema juu ya maji wanahitaji maji mapya, na chakula kisimamishwe.