Mkulima Ndiye Anayetukopesha

Juzi msibani nilikaa mkeka mmoja na bwana fulani wa benki. Mazungumzo yakafika Newala na korosho, naye akatamka bila kupepesa macho: "Mkulima hakopesheki. Mpe milioni leo, kesho ameoa mke wa pili." Watu wakacheka. Mimi kahawa ilinikwama kooni.

Nani hakopesheki? Mjomba wangu ana mikorosho. Kila msimu anapeleka magunia ghalani kupitia chama cha msingi, anapewa karatasi, anarudi nyumbani. Anasubiri mnada, kisha anasubiri fedha. Korosho zimeshapanda lori, yeye kabaki na karatasi. Huo ni mkopo, na aliyeutoa ni mjomba. Hatozi riba, hadai dhamana. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, wapo wakulima waliokaa miezi kabla ya kulipwa. Walimkopesha mkubwa kuliko wote, na hawakumnyang'anya hata kiti.

Naye akikopa, analipa. Waulizeni wanunuzi wa kangomba. Unga umekwisha, sare za shule zinadaiwa, salfa ya kupulizia inatakiwa. Mkulima anawauzia korosho za mikorosho ambayo hata haijachanua, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika anazipima zote na kuzikabidhi. Mtu anayelipa deni chungu namna hiyo mwaka baada ya mwaka, leo anaitwa mdanganyifu! Kinachomshinda ni rejesho la kila mwezi, kwa sababu mkorosho hauzai kila mwezi.

Hilo la mke wa pili ni upuuzi mtupu. Nimeona wenye mishahara hapa mjini wakikopa kwa ajili ya harusi, masofa na magari yaliyokufa kabla deni halijaisha. Hakuna benki iliyowafungia mlango.

  

Wengi wamesahau kwamba CRDB, ilipoundwa 1984, ilikuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini. Ikabinafsishwa 1996, na 2015 ikabidi tuzindue nyingine, Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Mwaka 2021 Benki Kuu ikatangaza hatua za kuyasukuma mabenki yakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Lakini mjomba alipopeleka benki hati yake ya kimila, ile inayotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kijana wa dirishani aliigeuza mara mbili akamrudishia. Akamuuliza kama ana nyumba mjini.

Mjomba haombi huruma ya mtu. Anataka fedha mwezi wa tano, azirudishe mwezi wa kumi na moja, mnada ukishapita. Miezi sita.